Sarafu za kale za Wagiriki na Warumi: jinsi ya kuzikusanya, kuzisoma na kukwepa feki

Ukimwambia mtu una sarafu ya Roma ya miaka elfu moja mia saba hivi anadhani umeiba makumbusho. Ukweli ni kwamba Warumi walipiga sarafu nyingi mno, hasa zile ndogo za shaba za karne ya 4, na mpaka leo zinaendelea kutoka ardhini huko Ulaya, kwa hiyo sarafu halisi yenye sura ya kaisari unaweza kuipata kwa chini ya euro 20 kwa muuzaji anayeeleweka. Bei siyo shida. Shida ni kwamba feki nazo zimejaa, nyingine zimetengenezwa vizuri mpaka mabingwa wanagombana, na kila muuzaji ana stori tamu ya babu yake aliyekuwa mwanajeshi Misri. Mi msimamo wangu ni mmoja na utauona umejirudia humu: stori ya muuzaji haina uzito wowote, kinachoongea ni chuma chenyewe (yaani metali ya sarafu, iwe fedha au shaba) na karatasi zake. Mengine yote ni namna ya kukisikiliza hicho chuma.

Usianze na bundi

Najua ndo anayetakwa na kila mtu, ile tetradrakma (sarafu ya drakma nne) ya fedha ya Athene yenye kichwa cha Athena mbele na bundi mwenye macho makubwa nyuma. Ni sarafu nzuri kweli na siyo adimu, fedha yake ilichimbwa Laurion na Athene iliipiga kwa wingi sana karne ya 5 KK. Lakini bundi mmoja ni dola mia tano mpaka elfu moja na zaidi, na hiyo bei ndo inawaita matapeli. Anayetengeneza feki anapiga hesabu zake kama mfanyabiashara mwingine yeyote, hawezi kukaa wiki nzima anachonga muhuri wa kupigia kitu kinachouzwa euro 10. Ukianzia chini unapata faida mbili, hatari ni ndogo na unajifunza kusoma maandishi kwa mkono wako mwenyewe badala ya kusoma lebo aliyoandika mwingine.

Kwa hiyo chagua kona moja. Shaba za familia ya Konstantino, kaisari wa mwanzo wa karne ya 4, ni darasa zuri kuliko yote. Ukiwa na hela kidogo nenda dinari za fedha za karne ya 2 na mwanzo wa ya 3, za makaisari akina Trajan, Hadrian, Antoninus Pius, Septimius Severus (huyu alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, kaisari wa Afrika kabisa, na dinari zake ni za bei nafuu). Au tetradrakma za Aleksandria ya Misri chini ya Warumi, ambazo wakusanyaji wengi wanazipuuza kwa sababu fedha yake ni kidogo na hazing'ai, lakini zimeandikwa mwaka wa utawala, alama kama L ikifuatiwa na herufi ya Kigiriki inayosimama badala ya namba, kwa hiyo unajua mwaka bila kubahatisha. Mwaka wao ulikuwa unaanza tarehe 29 Agosti kwa kalenda ya Misri, hivo kaisari aliyeingia madarakani Julai, kufika Septemba tayari sarafu zake zinasoma mwaka wa 2.

Kitu kimoja cha kukwepa mapema ni mifuko ya sarafu mia hamsini "zisizosafishwa" zenye udongo bado. Utaambiwa kuna bahati ya kukuta dhahabu humo. Bwana, aliyeufunga huo mfuko ameshazipitia moja moja, na udongo ule mara nyingi maana yake zimechimbwa usiku bila kibali.

Za Biblia, kwa sababu najua mtauliza

Wasomaji wa Kiswahili wengi wanaingia kwenye hii hobi kupitia Biblia. Mtu anaenda hija Yerusalemu anarudi na fremu yenye kisarafu na cheti, "senti ya mjane". Kile kisarafu kwa kawaida ni cha shaba cha mfalme Alexander Jannaeus aliyetawala Yudea 103 hadi 76 KK, nanga upande mmoja na nyota yenye miale upande wa pili, uzito kama gramu moja au chini ya hapo, kimelikalika na kimekaa nje ya katikati. Orijino zake zipo nyingi sana sokoni, ndo maana hutakiwi kulipa hela ya kutisha. Na kile cheti kama hakina jina la mfalme, uzito wala namba ya leseni ya muuzaji, hilo ni pambo la ukutani tu. Israeli muuzaji wa vitu vya kale lazima awe na leseni ya mamlaka ya mambo ya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali, kwa hiyo omba kibali palepale dukani kabla hujalipa. Akianza kuzungukazunguka, toka.

Dinari ya kodi, ile ya "mpeni Kaisari yaliyo ya Kaisari", wakusanyaji wanaihusisha na dinari ya Tiberio aliyetawala 14 hadi 37 BK. Mbele kichwa chake kimegeuka kulia na taji la majani, maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS, nyuma mwanamke amekaa kwenye kiti ameshika fimbo na tawi, PONTIF MAXIM. Uzito uwe kama gramu 3.6 hadi 3.8, upana milimita 18 hivi. Injili haisemi ni dinari ipi iliyoletwa, watu wamechagua hii kwa sababu ndo aina aliyoipiga Tiberio kwa wingi. Na kwa sababu kila Mkristo mwenye hela anaitaka, imeigwa kupita kiasi. Vilevile shekeli za Tiro zinazohusishwa na vipande 30 vya fedha, kichwa cha mungu Melqart mbele, tai amesimama kwenye omo ya meli nyuma, gramu 14 hivi, zilianza kupigwa 126 KK. Usinunue yoyote kati ya hizi mbili kama sarafu yako ya kwanza. Kuna nakala za zawadi pia ambazo siyo utapeli kabisa, zinauzwa madukani kwenye makumbusho ya Uingereza zikiwa na herufi ndogo WRL, na Marekani sheria ya 1973 inataka nakala iandikwe COPY, sasa mjanja anachofanya ni kuifuta hiyo alama kwa msasa na kuipaka uchafu. Ukiona sehemu moja tu ya sarafu imekwaruzwa laini wakati kwingine kote kuna mikwaruzo ya kawaida, jiulize kulikuwa na nini pale.

Kusoma sarafu ya Roma

Watu wanaogopa Kilatini bure. Hauhitaji lugha, unahitaji vifupisho kama kumi. Kwanza jua U inaandikwa V, kwa hiyo AVG ni Augustus. IMP ni amiri jeshi, CAES ni Kaisari, P M kuhani mkuu, COS konsuli, P P baba wa nchi, S C kwenye shaba kubwa ni idhini ya seneti, D N kwenye sarafu za baadaye ni "bwana wetu", NOB C ni mrithi ambaye bado hajawa kaisari kamili. TR P ndo tamu, ni mamlaka yaliyokuwa yanahuishwa kila mwaka na namba inapanda, mfano Marcus Aurelius akiandika TR P XXIX unajua ni kati ya Desemba 174 na Desemba 175. Hakuna haja ya kukisia.

Sasa chukua mfano wa mkononi. Una kisarafu cha shaba, milimita 18, kimechakaa upande mmoja. Kizungushe chini ya taa inayotoka pembeni (siyo juu, pembeni, vivuli ndo vinaibua herufi). Unasoma ...CONSTANT... halafu pamefutika. Hapa ndo wanaoanza wanaangukia pua, maana CONSTANTINVS, CONSTANTIVS na CONSTANS ni watu tofauti wa ukoo mmoja, kwa hiyo hesabu nafasi ya herufi zilizopotea kabla hujatangaza jina. Geuza nyuma. Wanajeshi wawili wamesimama, katikati kuna bendera za jeshi, pembeni GLORIA EXERCITVS. Hesabu bendera. Zikiwa mbili ni 330 hadi 335, ikiwa moja ni kuanzia 335, walipunguza na uzito wakati huohuo. Ukikuta, badala ya hao wawili, askari mmoja anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka na maandishi FEL TEMP REPARATIO, umeshahamia 348 na kuendelea. Halafu shuka chini kabisa kwenye kijimstari, kuna herufi kama SMKA, hiyo SM ni karakana takatifu ya kaisari ya kupigia sarafu, K ni mji wa Kyzikos kwenye Uturuki ya leo, A ni chumba cha kwanza cha karakana. CONS ni Konstantinopoli, ALE Aleksandria, SIS ni Siscia iliyoko Kroatia, TR ni Trier Ujerumani. Ukimaliza hapo umeshaitambua sarafu kwa asilimia tisini na hujamuuliza mtu.

Kilichobaki unakimalizia kwenye OCRE, kanzidata ya bure ya sarafu za kaisari zote inayoendeshwa na jumuiya ya wanasarafu ya Marekani, unaandika maandishi uliyoyasoma hata kama ni nusu inakuletea aina zinazofanana na picha. Za miji ya mikoani zenye Kigiriki nenda RPC Online ya Oxford, za enzi za jamhuri kuna CRRO, na za Aleksanda Mkuu kuna PELLA. Zote bure, tena watu wanalipia programu za simu zinazobahatisha vibaya.

Kitu kingine kinachosaidia kupanga ni taji. Kichwa chenye taji la miale ya jua kwenye fedha au fedha hafifu ya karne ya 3 ni antoniniano, aliyoianzisha Caracalla mwaka 215. Ilianza na gramu 5 hivi za fedha inayoeleweka, kufika mwishoni mwa utawala wa Gallienus, miaka ya 260, fedha ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 5, wanapaka juu tu. Kwa hiyo antoniniano ya Gallienus ya miaka hiyo ikiwa imetoka kama shaba usimlaumu muuzaji, ndo ilivyokuwa. Cha kutilia shaka ni ya miaka hiyo inayong'aa fedha tupu mpaka ukingoni.

Za Wagiriki

Hapa mambo yanabadilika kwa sababu kila mji ulikuwa na sarafu yake, lakini miji ilipenda nembo na haikubadilisha ovyo. Kobe ni Egina, farasi mwenye mbawa ni Korintho, nyuki Efeso, waridi Rodo, suke la shayiri Metapontum kusini mwa Italia, kaa wa baharini Akragas kule Sisili, na Kirene ya Libya ilichora mmea wa silfio uliokuwa unawapa utajiri wao. Maandishi kwa kawaida yanasema mali ya nani, ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ ni "ya Wasirakusa", na neno ΒΑΣΙΛΕΩΣ ni "ya mfalme" likifuatiwa na jina, ΠΤΟΛΕΜΑΙΟΥ, ΑΝΤΙΟΧΟΥ, ΛΥΣΙΜΑΧΟΥ. Jifunze herufi kubwa za Kigiriki, ni kazi ya jioni moja.

Tahadhari kwa Aleksanda. Tetradrakma yenye kichwa cha Herakle amevaa ngozi ya simba na nyuma Zeu amekaa ameshika tai inaandikwa jina la Aleksanda, lakini yeye alifariki 323 KK na miji iliendelea kuipiga kwa jina lake zaidi ya miaka 200, kwa sababu ilikuwa inakubalika sokoni kila mahali. Muuzaji akisema "ya enzi za uhai wake" bei inapanda, kwa hiyo mwambie akuonyeshe namba ya katalogi na karakana. Miguu ya Zeu ikiwa imepishana mara nyingi ni ya baada ya kifo, ingawa hii ni kanuni ya haraka tu siyo hukumu.

Vifaa, na kipimo cha maji

Nunua mizani ya kidijitali ya sonara inayosoma gramu 0.01, kalipa ya kupimia upana, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku kali na taa ndogo. Bila mizani usinunue fedha. Uzito peke yake unaangusha feki nyingi: bundi anatakiwa awe karibu gramu 17.2, aliyechakaa 16.8 naweza kuelewa, wa 14.9 sitaki hata kumsikia. Stata, ile ya fedha ya Korintho yenye farasi, ni 8.6 hivi. Dinari kabla ya Nero kupunguza mwaka 64 BK iko 3.6 hadi 3.9, baada yake inacheza 3.2 mpaka 3.4. Shaba uzito wake unayumba sana, huko usitegemee. Sumaku inachukua sekunde mbili, dhahabu, fedha na shaba hazinasi, ikinasa mchezo umeisha, isiponasa bado hujathibitisha kitu.

Halafu kuna kipimo cha maji ambacho watu wanakidharau kwa sababu ni cha bure. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu na uzi mwembamba, izamishe yote kwenye maji ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala pembeni, piga piga uzi kidogo viputo vya hewa vitoke. Mizani itasoma namba ndogo, huo ndo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kawaida kwa hiyo namba. Mfano bundi wa gramu 17.16, kwenye maji mizani imesoma 1.65, jibu ni 10.4, na fedha safi ni 10.5, kwa hiyo chuma kimekubali. Ukipata 8.9 au 9 hiyo ni shaba iliyopakwa, ukipata 11 na kitu kuna risasi ndani. Kwa dinari ya gramu 3 kipimo hiki kinayumba kwa sababu tofauti ya 0.01 tu inahamisha jibu, rudia mara kadhaa uchukue wastani. Na ukumbuke dinari za Septimius Severus zina fedha inayokaribia nusu tu, hizo zikitoa 9.6 hivi ni sawa.

Ila kipimo hiki hakikamati feki iliyopigwa kwa fedha nzuri. Hapo unahamia kwenye macho.

Sarafu za kale zilipigwa kwa nyundo katikati ya mihuri miwili ya chuma, chuma laini kikasambaa kwenda nje, kwa hiyo ukitazama kwa lenzi pembeni ya herufi unaona mistari midogo ya chuma kilivyotiririka, na ukingo mara nyingi umepasukapasuka kidogo. Feki ya bei rahisi imemiminwa kwenye kalibu. Hiyo inajionyesha kwa vishimo vya mviringo vya viputo hasa kwenye pembe za herufi, herufi zinakuwa na mabega laini kama sabuni iliyotumika, uwanda (sehemu tupu ya uso) una vinundu, na ukingoni kuna mstari au dalili za tupa pale walipoufuta. Ukingo ndo sehemu tapeli anayoisahau, na ndo sehemu muuzaji wa mtandaoni haweki picha. Omba picha ya ukingo, zungusha yote. Akigoma basi.

Mstari wa ukingoni unaweza kuwa pia wa nakala za umeme, maganda mawili ya chuma yaliyogundishwa. Karne ya 19 Robert Ready alizitengeneza kwa ajili ya British Museum na zilikuwa zinawekwa alama R au RR ukingoni, hazikukusudiwa kudanganya, lakini zimepita mikononi mwa watu wengi tangu hapo. Na kuna feki ambazo nazo ni za kale, kiini cha shaba kimefunikwa na karatasi ya fedha, zilitengenezwa palepale enzi hizo kuwapiga wenzao. Zikichubuka unaona wekundu au ukijani ndani. Wakusanyaji wananunua hizo kwa bei ya chini bila wasiwasi, na ndo sababu unakuta bundi wengi wamekatwa na patasi, mfanyabiashara wa zamani alikuwa anataka kuona ndani. Mi napenda bundi mwenye mkato, ameshakaguliwa na mtu aliyekuwa anategemea hiyo fedha kula.

Mapacha

Hii ndo mbinu kali kuliko zote na inafanyika ukiwa umekaa na simu. Muhuri mmoja ulipiga maelfu ya sarafu, kwa hiyo sura kufanana ni kawaida. Kisichowezekana ni sarafu mbili kufanana umbo la ukingo, mpasuko uleule, zimekaa nje ya katikati kwa kiasi kilekile, na mkwaruzo uleule shavuni. Kila pigo la nyundo lilikuwa na kidonge chake cha chuma na bahati yake. Ukiona mapacha wa namna hiyo angalau mmoja ni wa kalibu, na mara nyingi wote. Kwa hiyo kabla hujalipa ingia acsearch ambako kuna kumbukumbu za minada ya miaka mingi, tafuta aina yako, pitia picha nyingi uwezavyo. Pia angalia muuzaji mwenyewe anauza nini kingine, akiwa na shekeli nne za Tiro zote mpya, kila moja "bei ya kutupa kwa sababu nahama nyumba", unajua.

Mtindo wa uchoraji nao unasema, ingawa huu unachukua muda. Mchongaji wa kale alikuwa anachonga mihuri siku nzima, mkono wake una haraka na uhakika. Anayeiga anafuata mstari wa mwenzie kwa woga, macho yanakaa vibaya, herufi zinakuwa sawasawa mno. Lakini mabingwa wapo. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki 1830, alichonga mihuri mipya kabisa ya mamia ya aina, inasimuliwa alikuwa anaziweka sarafu zake kwenye sanduku la vumbi la chuma chini ya gari lake la farasi akizunguka nalo zichakae. Mihuri yake mingi iko makumbusho ya Berlin. Na 1988 zilizuka sokoni sarafu ndogo za fedha za Apollonia na Mesembria, miji ya Bahari Nyeusi, wataalamu wakagawanyika kabisa, mwisho zikahukumiwa kuwa feki. Kwa hiyo ukipenda kitu cha bei kubwa usijiamini peke yako, nunua kwa muuzaji au mnada unaotoa dhamana ya maandishi kwamba sarafu ikionekana feki hela inarudi bila kikomo cha muda, na usome masharti kabla ya kulipa, siyo baada.

Karatasi

Hapa watu wanaona nawachosha ila ndo sehemu inayoweza kukupeleka mahakamani. Mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu biashara haramu ya vitu vya kale umefanya kila mtu aulize sarafu ilitoka wapi na lini. Misri kwa sheria ya 1983 biashara ya vitu vya kale imepigwa marufuku kabisa, Uturuki kutoka na sarafu ya kale ni kosa la jinai na watalii wamekamatwa viwanja vya ndege kwa kisarafu cha mfukoni. Kwa hiyo yule kijana anayekufuata magofuni Efeso au Luxor amekunja kiganja anakunong'oneza, ni moja kati ya mawili, anakuuzia feki au anakuuzia kesi. England kuna utaratibu tofauti, wenye mashine za kutafutia metali wanaripoti walichokipata na sarafu nyingi zinarudi kwa mwenyewe kihalali zikiwa na namba ya kumbukumbu, hizo ni nzuri kununua.

Na karatasi nayo inaghushiwa. Mwaka 2020 mnada mmoja London uliuza sarafu ya dhahabu ya Brutus, ile ya EID MAR yenye majambia mawili na kofia, kumbukumbu ya kuuawa Julius Caesar, kwa zaidi ya dola milioni 4. Mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki kwa sababu historia ya umiliki iliyoambatana nayo ilikuwa ya kubuni. Chuma kilikuwa kizima, karatasi ndo ilikuwa feki. Kwa sarafu yako ya euro 30 inatosha risiti yenye jina la muuzaji, tarehe, maelezo na picha, na kama ilishawahi kuuzwa mnadani andika mnada na namba.

Kwa waliopo pwani yetu, najua kuna wanaoamini wana sarafu ya Roma iliyookotwa ufukweni. Tai mwenye mabawa wazi kwenye shaba nyeusi, ukisafisha kidogo unakuta ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ya 1890 hadi 1892. Picha ya mizani pamoja na Kiarabu ni ya Sultani Barghash wa Zanzibar au ya Mombasa 1888. Vishaba vidogo vyenye Kiarabu tupu vinaweza kuwa vya masultani wa Kilwa, na hivyo kwa historia yetu vina thamani kuliko dinari yoyote. Biashara ya Warumi na pwani hii ilikuwepo, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 unaitaja bandari ya Rhapta, lakini sarafu ni mambo mengine. Kuna rundo moja maarufu ambalo ofisa wa Kiingereza alisema kalipata Bur Gao kusini mwa Somalia mwanzoni mwa karne ya 20, ndani yake za akina Ptolemy wafalme wa Misri, za Roma, na nyingine za karne nyingi baadaye, zimechanganyika, hakuna aliyechimba kitaalamu, na leo hakuna mtafiti makini anayejenga hoja juu yake. Sarafu ikishatolewa mahali pake bila kurekodiwa inabaki chuma tu. Kwa hiyo ukikutana nayo ardhini usiichimbue wala kuiweka sokoni, piga picha ilivyo, andika mahali, peleka taarifa makumbusho. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya kuna ya 2006 ya makumbusho na urithi, zote zinakuhusu.

Kuisafisha na kuitunza

Usiisafishe. Najua utaisafisha. Basi angalau siyo limao, siyo majivu, siyo dawa ya kung'arishia vyombo, siyo stilwaya. Ule utando wa kijani au wa kahawia juu ya shaba ndo umeilinda miaka yote hiyo na ndo nusu ya bei, ukiuondoa umebaki na kipande cha shaba kilichokwanguliwa. Shaba yenye udongo iloweke kwenye maji yaliyokenekwa (distilled) ya dukani au maji ya betri yale yasiyo na asidi (soma chupa vizuri, zinafanana), badilisha kila baada ya siku chache, halafu suguasugua na kijiti cha mbao. Asetoni haiumizi chuma na ina faida ya ziada, ule ukijani wa kupakwa na matapeli unayeyuka ukabaki kwenye pamba.

Ugonjwa wa shaba ndo uuogope. Ni madoa ya kijani kibichi hafifu yanayotoa unga ukiyagusa na sindano, tofauti na utando mgumu wa kawaida. Ni chumvi ya kloridi inakula chuma ikisaidiwa na unyevu, na kwa anayekaa Mombasa, Dar au Unguja unyevu ndo hewa yenyewe. Tenga ile yenye dalili, iloweke kwenye hayo maji yaliyokenekwa kwa wiki kadhaa ukibadilisha, ikaushe kabisa, iangalie tena baada ya mwezi. Zilizobaki ziweke kwenye kiboksi kinachofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, lakini vibadilishe maana vikishajaa havifanyi kazi tena. Vifuko viwe vya plastiki isiyo na PVC, ile laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni ndo mbaya, inatoa majimaji ya kijani yanayoganda juu ya fedha. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi ziko poa na unaandika juu yake kila kitu, aina, uzito, namba ya katalogi, ulinunua wapi, lini na kwa bei gani, ili hata wewe usipokuwepo anayerithi asiende kuzimwaga kwa mnunua skrepa.